Hatua Nne Pale Ruiru

Jumatano asubuhi nilifunga kibanda changu cha kushona hapa Luanda, magharibi mwa nchi, nikampa jirani ufunguo, nikaenda Thika nikiwa na hasira ya mwaka mzima. Sikuenda kutalii. Nilienda kulinda mali ya mdogo wangu Rispa, maana ilikuwa imeibwa mara moja na sikuwa tayari kuona ikiibwa tena.

Mali yenyewe ni mwendo. Rispa hushindana kutembea. Najua kuna watu watacheka hapa, na wacheke wamalize tuendelee. Kuna mashindano ya kutembea kilomita ishirini, na sheria zake ni kali kuliko za kukimbia: mguu mmoja lazima uwe umegusa chini kila wakati, na goti la mguu wa mbele linyooke tangu kisigino kiguse lami mpaka mwili upite juu yake. Waamuzi wanasimama kando ya njia wakikodolea magoti na nyayo tu. Ukiruka unaandikiwa kadi nyekundu, na kadi tatu zikifika ubaoni unatolewa. Sasa jaribu wewe kutembea kilomita moja kwa chini ya dakika tano bila kuruka, halafu uje tucheke pamoja.

Mwaka jana Rispa alitembea hizo ishirini akapita rekodi ya wanawake ya nchi nzima. Tulipiga vigelegele hapa kwetu mpaka jogoo wakachanganyikiwa. Wiki mbili baadaye akapigiwa simu kwamba rekodi haitaandikwa, kwa sababu njia ilipimwa kwa mita ya pikipiki. Ya pikipiki! Mtu alipanda boda, akaangalia kisanduku cha kasi, akasema hapa panatosha. Mimi ni fundi wa nguo. Nikikata sare ya mtoto kwa kukadiria, mzazi atanirushia usoni na atakuwa na haki. Lakini hao wakubwa hakuna aliyerushiwa kitu. Aliyeumia ni Rispa peke yake.

Na safari hii kulikuwa na kitu kikubwa zaidi. Kocha wa timu moja ya askari alikuwa amemwambia waziwazi: leta rekodi, nikuandike kazi. Rispa ni kibarua Thika, kwenye kiwanda cha sabuni, anasimama mezani kutwa nzima. Umri wa mwisho wa kuajiriwa ni miaka ishirini na tisa, na yeye ndiyo hiyo anayo sasa. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa baada ya mashindano. Basi aliponipigia akasema rafiki yake wa mtaa wa Githurai 45, aliyekuwa akimshikia maji njiani, amejifungua wiki hiyo, sikumruhusu amalize. "Nakuja," nikamwambia. "Nitashika maji, na nitawaangalia hao watu kila mkono."

Jioni ya Jumatano niliingia Thika mwili umekauka kwa kukaa kwenye basi. Rispa alinipokea stendi, tukatembea mpaka Kiandutu anakopanga chumba kimoja cha mabati. Jirani yake, bibi mmoja wanayemwita Cucu Nyokabi, alikuwa ametuwekea chai kwenye chupa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili asiniachilie.

"Wewe ndiye mukubwa wake?" akaniuliza. "Huyu mutoto wenu anatembea kama mutu ameitwa na chifu. Mimi nikimuona asubuhi, hata magoti yangu inauma."

Nilicheka, nikampenda. Lakini usiku huo, kabla ya usingizi, Rispa alinionyesha visigino vyake na nikaacha kucheka. Vilikuwa vigumu kama ngozi ya viatu.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kiandutu yote ilikuwa barabarani. Watu kwa mamia wakienda kwenye mageti ya viwanda, kila mtu na mkoba wake wa chakula, na katikati yao Rispa, akitembea mwendo wake wa mashindano kwa sababu hana muda mwingine wa mazoezi. Viuno vinazunguka, mikono imekunjwa, goti limenyooka. Nilikuwa nyuma nikikimbia kidogo kidogo ili nisimpoteze.

"Wee siste!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Hiyo kiuno utaimwaga!" Wenzake wakaangua kicheko.

Damu ilinipanda. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Wewe unatembea uende kupanga laini kwa geti. Yeye anatembea aandikwe kwa vitabu vya nchi. Funga mdomo!"

"Pole mathe," akasema, bado anacheka. "Ilikuwa tu jokes."

"Dada," Rispa akaniita kutoka mbele bila kugeuka, "ukiwajibu wote, hata kwa geti hatutafika."

Hivyo ndivyo alivyo. Hasira zote za nyumba yetu nilichukua mimi, yeye akaachiwa miguu.

Jioni ya siku hiyohiyo alinipeleka Gatuanyaga, upande wa mashariki wa mji, kule kukavu kunakofugwa mbuzi. Kuna barabara ya murram, udongo bila lami, iliyonyooka, na ndipo anapojipima. Alinionyesha mlingoti wa stima. "Kuanzia hapa mpaka lile lango la zizi ni kilomita moja," akasema.

"Nani alipima?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu. "Mtu wa boda."

"Rispa! Tena boda?" Nilifura. Yaani msichana anavunja mifupa kila jioni kwenye kilomita ya kuambiwa! Nilivua tepu yangu shingoni, ile ya kitambaa ya mita moja na nusu ninayotembea nayo hata kanisani, nikaitikisa mbele yake. "Mimi nitakupimia. Kabla nirudi nyumbani nitakupimia mwenyewe." Alitabasamu, akaanza mazoezi, nami nikasahau ahadi ile kabla jua halijatua.

Ijumaa tulikuwa Ruiru mapema, magari yakiwa bado machache. Njia ya mashindano ilikuwa barabara ya lami kando ya mtaa wa nyumba mpya, kilomita moja ya kwenda na moja ya kurudi, mara kumi. Mpimaji alikuwa mwanamume mkimya wa Machakos, Bwana Mutiso, na hakuja na pikipiki. Alikuja na baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, akaipima kwanza kwenye waya wa chuma wenye urefu unaojulikana uliolazwa chini, ndipo akaipanda. Alipita kandokando kabisa, pale ambapo mtembeaji anaweza kukata kona karibu zaidi. Akarudi, akapita tena. Nilikaa kando nikamtazama kwa saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kifua changu kililegea. Huyu alikuwa mtu wa kazi.

Mwisho wa njia alipiga msumari kwenye lami, akauzungushia rangi nyeupe.

"Hapa ndipo wanageukia," akaniambia, kwa sababu nilikuwa nimemsogelea mpaka kivuli changu kikawa juu ya nyundo yake. "Kesho pipa litakaa juu ya huu msumari. Likisogea, kazi yangu yote ni bure."

"Nani atathubutu kulisogeza?" nikamwambia. "Nitakuwa hapa. Meza ya maji iko hatua kumi kutoka kwa hilo pipa lako. Lala usingizi, Bwana Mutiso."

Nilisema hivyo, Rispa yuko pale, anasikia.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo, pipa lilikuwa mahali pake: la plastiki, la buluu, na maji kidogo chini ili upepo usiliangushe. Bwana Mutiso alikagua, akaandika kwenye kitabu chake, akapanda baiskeli kwenda upande wa kuanzia, kilomita moja kutoka pale. Akabaki mlinzi wa kona, mwanamume mwenye fulana ya kijani na filimbi, jina lake Kariuki. Huyo filimbi ilikuwa imemlevya. Alimpulizia kila kiumbe: mwenye maziwa, mwenye kwenda kanisa la Jumamosi, hata mbwa.

Saa kumi na mbili na robo ikaja pikapu imejaa viti vya plastiki na vyuma vya hema. Nyuma yake akina mama kama kumi, leso viunoni, sufuria kubwa vichwani, na mbuzi mmoja anavutwa. Lango walilotaka kuingia lilikuwa ng'ambo kidogo tu ya pipa. Siku hiyo nyumba ile ilikuwa na ruracio, yaani wakwe wanakuja na mahari ya binti, na hao mama walikuja kupika.

Kariuki akapuliza filimbi usoni mwao. "Barabara imefungwa! Zungukeni!"

"Tuzunguke wapi?" akauliza aliyekuwa mbele, mama mmoja wa kichwa cheupe, Mama Njoki. "Huko nyuma ni mtaro. Hii gari itapita hewani?"

"Si shida yangu. Zungukeni!"

Halafu mbuzi akakata kamba, akaingia katikati ya njia ya mashindano, na Kariuki akamfuata mbio akipuliza filimbi kama anamkamata mwizi wa benki.

Sasa niambieni. Mama mzima, sufuria kichwani, siku ya heshima ya binti wa nyumba yao, anafukuzwa mlangoni kwake na kijitu chenye filimbi? Zungukeni! Nilihisi masikio yananiwaka moto. Sisi tumelelewa kwamba mtu anayekuja kwenye shughuli ya ndoa anafunguliwa njia, na hata adui yako siku hiyo unamsogezea kiti.

Pikapu ilijaribu kukata kona ikashindwa, pua yake ikaja karibu kugusa pipa. Mama Njoki akanitazama.

"Dada, si utusongeze hiyo kitu kidogo. Kidogo tu."

Nikalikumbatia lile pipa, nikalivuta upande wa meza yangu. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Pikapu ikapita, magurudumu yakaburuta vumbi la kando juu ya lami, akina mama wakaingia nyuma yake wakiimba. "Ubarikiwe, maitu!" Mama Njoki akaniambia, akiniita mama kwa lugha yao. Nikajibu amina. Nikashika pipa tena ili nilirudishe.

"Wewe mama!" Kariuki alikuwa amerudi, anahema, mbuzi amemshinda. "Unaegemea nini hapo? Wewe ni wa maji! Rudi kwa meza yako! Hii si soko ya mitumba!"

Alisema mitumba akiangalia tepu shingoni mwangu. Mimi! Fundi wa miaka ishirini! Niliachilia pipa nikamgeukia, na yote niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mchungaji naye husoma. Alijibu, nikajibu, akatishia kuniondoa uwanjani, na hapo nikakumbuka kwamba nikiondolewa Rispa atakosa maji. Nikameza matusi yaliyobaki, nikarudi mezani. Nilisimama pale nikitunga kichwani maneno ambayo ningempasulia mashindano yakiisha. Nilitunga vizuri sana. Nilikuwa bado natunga bunduki ilipolia kule mbali.

Saa moja kamili watembeaji walitokea, wanawake kumi na wawili, Rispa wa tatu. Alipofika mezani alichukua kikombe bila kunitazama, akazunguka pipa, akaondoka. Mzunguko wa tatu alikuwa wa kwanza. Wa nne, mwamuzi mwembamba mwenye miwani akamwonyesha kibao cha njano, onyo, na baada ya hapo nikaona jina lake kwenye ubao likiwa na kadi nyekundu moja.

"Ameruka wapi?" nikampigia kelele. "Mguu uko chini! Wewe una macho au una vifungo?"

Mwamuzi hakujibu. Hawaruhusiwi kujibu, kumbe, na ukimya wake ulinichemsha zaidi.

Mzunguko wa saba, kadi ya pili. Sasa ikabaki moja tu ya kumtoa. Nilipompa maji niliona midomo imekuwa myeupe kwa chumvi. "Goti, Rispa," nikamwambia. "Linyooshe goti." Hapo akina mama wa ruracio walikuwa wameacha viazi, wamejipanga ukutani na visu mikononi wakishangilia. Mama Njoki alikuwa ameuliza huyo msichana ni wa nani, nikasema ni wetu, basi akawa wao pia. "Tembea, mami! Tembea tu!" Kila Rispa akigeuka kwenye pipa, vigelegele vilipasua mtaa.

Mzunguko wa mwisho sikuweza kusimama. Alipolipita pipa mara ya mwisho niliacha vikombe, nikakimbia kilomita nzima na viatu vyangu vya wazi, nikipitia kwenye nyasi ili nisimharibie. Nilimfikia amekwisha kumaliza. Amekaa chini, miguu mbele, anaangalia saa kubwa. Alikuwa amepita rekodi ya nchi kwa sekunde thelathini na moja, na kadi ya tatu haikuja.

Nilipiga magoti nikamshika kichwa, tukalia wote wawili bila aibu. Kocha wa timu ya askari, mama mmoja mrefu mwenye kofia nyekundu, alikuja na karatasi kwenye ubao mdogo. Alikuwa ameshafungua kalamu. "Jina lako kamili kama liko kwa kitambulisho," akasema.

Rispa akataja jina la kwanza.

Wakati huo Bwana Mutiso akarudi kutoka kule mwisho, anaisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Alienda kwa mwamuzi mkuu, wakanong'ona. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia: "Pipa halikuwa juu ya msumari. Njia ilikuwa fupi."

Nililipuka. Nawaambia ukweli, nililipuka! "Mnaanza tena!" nikasema. "Mwaka jana pikipiki, mwaka huu pipa! Kila mara msichana wa Kiandutu akishinda mnapata kitu cha kupungua. Twende nipime mwenyewe!" Nikavua tepu shingoni, nikawaongoza wote kilomita nzima kurudi kule, waamuzi, watazamaji, Rispa akichechemea nyuma, nami nikihubiri njia yote juu ya wezi wa jasho la maskini. Watu walikuwa wananiitikia.

Pale kwenye kona nilipiga magoti mbele ya umati. Msumari ulikuwa umefunikwa na vumbi, nikaupangusa kwa kiganja. Nikaweka ncha ya tepu. Urefu wa tepu nzima mara mbili, halafu mita moja na sentimita kumi, na hapo ndipo pipa lilipokuwa.

Nikainua macho nione ni mjinga gani angefanya jambo hilo. Mbele yangu kulikuwa na lango. Alama za magurudumu ya pikapu zilikuwa zinapita juu ya msumari, zinaingia ndani.

Mungu wangu.

"Kariuki," mwamuzi mkuu akasema, "wewe ndiye ulikuwa hapa. Nani amesongeza hii?"

"Sijui. Mimi sijagusa, haki ya mama yangu."

"Ni yeye!" mtu mmoja akapiga kelele. "Amekula kitu kidogo!" Wengine wakaitikia, wakaanza kumsogelea, na jasho lilikuwa linamtiririka Kariuki mpaka kwenye fulana. Alinitazama. Hakujua chochote, naapa, alinitazama tu kwa sababu nilikuwa karibu. Na nitawaambia jambo baya: kwa muda wa pumzi mbili tatu nilinyamaza. Mtu aliyeniita wa mitumba alikuwa anaenda kubeba mzigo wangu, na sehemu fulani yangu ilisema, na abebe.

Halafu nikamwona Rispa, amesimama nyuma yake, namba bado iko kifuani, akisubiri kama wengine kuambiwa ni nani.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia kwa zile kelele. Ilinibidi niseme mara ya pili, kwa nguvu, nikiwa bado nimepiga magoti. "Ni mimi! Nilisongeza gari lipite. Nilitaka kulirudisha, tukagombana, nikasahau."

Mama Njoki alitoka langoni mikono ina unga. "Woi! Si ni sisi tulimwomba! Tuandike sisi!" Lakini hakuna kalamu ya kumwandika Mama Njoki. Bwana Mutiso alifunga kitabu chake polepole bila kuniangalia, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Rispa alikuwa anapiga hesabu kwa vidole. "Mita nne na kidogo, kwenda na kurudi, mara kumi," akasema. "Mita themanini na mbili. Hizo natembea kwa sekunde ishirini na tatu." Akamgeukia kocha. "Bado ningebaki na sekunde nane mbele."

"Najua," kocha akasema. "Nimepiga hesabu hiyo pia." Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Lakini njia ikipungua hakuna muda wa kuandika, hata ungekuwa na dakika nane." Akafunga kalamu. Jina la kwanza la Rispa likabaki pale kwenye karatasi peke yake.

Kutoka Ruiru mpaka Kiandutu mdogo wangu aliniambia maneno matatu tu, tulipofika mlangoni, akitafuta ufunguo.

"Dada, ulikuja kulinda."

Jumatatu nilirudi hapa Luanda. Akina mama wa kikundi chetu walikuwa wananisubiri kibandani na maswali, na hasira tayari mkononi. Safari hii ni nani? Wakubwa? Waamuzi? Walitaka jina, na nikawapa langu. Mmoja akasema pole, wengine wakaangalia vitambaa. Tangu hapo nimepokea mawazo mengi kuhusu hasira yangu, na mengi ni kweli. Nilikwenda kule nikiwa na macho ya kuona wezi wote isipokuwa mmoja. Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na hiyo ndiyo nataka mbaki nayo.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, Rispa alinitikisa bega. "Amka. Beba hiyo tepu."

Hatukwenda kanisani. Tulienda Gatuanyaga, mpaka kwenye mlingoti wa stima. Akanielekeza chini.

"Uliahidi," akasema. "Pima."

"Yote?"

"Yote. Kwa hiyo tepu."

Nikapiga magoti kwenye murram, mwanamke wa miaka arobaini na nne, nikaanza. Mita moja na nusu, Rispa anaweka kokoto, nasogea. Mita moja na nusu, kokoto, nasogea. Mara mia sita sitini na saba, nayo ya mwisho nikiikunja kidogo ili isizidi. Mbuzi walikuja kunitazama. Watu wa kwenda ibada walipunguza mwendo. "Mathe, umepoteza nini?" mmoja akaniuliza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilichekwa nikanyamaza. Magoti yalichubuka, kitambaa kikashika damu.

Karibu na katikati nilimwuliza bila kuinua kichwa, "Na hii yote ni ya nini sasa? Orodha si inafungwa?"

"Kazi ya askari imepita," Rispa akasema. "Rekodi bado iko pale pale. Mwezi wa kumi kuna mashindano mengine." Akaweka kokoto. "Endelea, usipoteze hesabu."

Lile lango la zizi ambalo mtu wa boda aliliita kilomita moja, tulilipita kwa hatua sitini na zaidi. Miezi yote hiyo alikuwa anajipima kwenye njia fupi bila kujua. Mwisho nikafika, nikatafuta jiwe kubwa, nikalibingirisha mpaka kwenye ncha ya tepu. Rispa akarudi kwenye mlingoti. Nikamwona kule mbali, mdogo, akikunja mikono. Nikabonyeza saa kwenye simu, naye akaanza kuja, goti limenyooka.

Nyuma yangu pikipiki ikaja, imembeba bibi mmoja aliyevaa nguo za kanisa, kitabu cha nyimbo kifuani. Barabara pale imebanwa na mifereji ya mvua pande zote mbili, na sehemu nzuri ilikuwa pale penye jiwe.

"Mathe, songa hiyo jiwe kidogo nipitishe shosho," mwenye pikipiki akasema kwa adabu. "Kidogo tu."

Bibi akanitabasamia. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwomba msamaha, nikakalia jiwe.

"Zunguka," nikamwambia.